Cibalonza Aliimba Kilio Hakijafungwa

Sokoni Kadutu, meza ya Cibalonza ilikuwa karibu na yangu. Yeye aliuza bunga, unga wa muhogo, mimi ndagala, dagaa kavu. Kwa biashara hakuwa mtu wa kuiga. Alijaza kopo, akaligonga mezani mpaka bunga ishuke, halafu akaongeza tena juu.

"Maman, unagonga faida yako," nilimwambia.

"Papa Philémon, uchunge ndagala yako, paka iko inakuangalia."

Alikuwa amezaliwa Luhwindja, binti wa mtu aliyeosha dhahabu mtoni maisha yake yote akafa na viraka kwenye suruali. Alishuka Bukavu na kikapu kimoja, akaolewa na Aloys, mtu wa Kalehe aliyekuwa akinunua mpunga huko Luberizi, wakazaa watoto watatu. Kitu kimoja tu alikuwa nacho ambacho hakuna aliyemshinda: sauti. Korali ya parokia ilimtegemea yeye kuanzisha nyimbo. Asipokuja, wengine walitazamana kama watu waliosahau ufunguo.

Desemba 1974 Aloys alirudi kutoka Luberizi na homa na tumbo. Siku ya tatu akafa. Daktari aliandika kwenye karatasi kwamba ni tifoide. Kaka mkubwa wa Aloys, Mushagalusa, alifika na mtumbwi wa mota kutoka Kalehe pamoja na mama yao mzee, Eulalie, na wanaume wawili wa ukoo. Alionyeshwa karatasi. Hakuishika.

"Daktari ndiye alikuwa anamupikia?" aliuliza. "Minauliza tu. Mwenye kumupikia ni nani?"

Hakutamka neno karuho, sumu ya chakulani. Kwetu hakuna haja ya kulitamka. Kila mtu aliyekuwa pale kilioni alilisikia, na kuanzia saa ile majirani hawakuonja tena chakula cha nyumba ile.

Cibalonza alinyolewa kichwa, akakalishwa chini kwenye mkeka. Mjane hapeani mkono, haendi sokoni, na zaidi ya yote haimbi, mpaka wakubwa wafunge kilio. Anayeimba kabla, amefurahia kifo. Mushagalusa alimwambia mbele ya wote: "Siku nitasikia sauti yako, nitajua. Na batoto ya ndugu yangu itakwenda Kalehe."

Siku ya tano nilipita kumsalimu. Nilimkuta kichwa ameinamisha, midomo inatembea. Nikasogea. Alikuwa anaimba, kwa chini sana.

"Uko na kichaa?" nikamwambia. "Shemeji yako iko hapo nje!"

"Papa Philémon, siku ine nililia mpaka nikasikia nitapasuka. Nikamuambia Mungu: umekamata Aloys, basi unikamate na mimi, ao unipe kitu cha kushika. Asubuhi nikaamuka na ile wimbo ya Utukufu ya Noeli mu kinywa. Sikuitafuta."

"Na huzuni?"

"Iko. Haijaondoka hata kidogo. Lakini haiko peke yake."

Alinitazama, na uso wake, namna alivyokonda, ulikuwa na kitu ambacho sikukitegemea nyumbani kwa msiba. Nimezoea kutazama nyuso za watu ili nijue wamefika bei gani. Ule sikuujua. Akasema Noeli atakwenda misa, na ataimba.

Nilimpigia hesabu wazi: wimbo mmoja upande huu, watoto watatu upande ule. Hata mtoto mdogo anajua kuchagua. Akarudi kwenye wimbo wake. Basi nikaamua kulimaliza jambo mwenyewe, namna nimemaliza mengi: mtu akiwa mgumu, unampa kitu kidogo mkononi, analegea. Kesho yake nilifunga mbuzi kamba, nikampelekea Mushagalusa.

Alikuwa amekaa na wale wanaume wawili. Akaitazama mbuzi muda mrefu.

"Hii ni ya nini?"

"Ya kutuliza moyo, papa. Muache maman akae na batoto yake kwa amani."

"Inatoka kwa nani?"

"Kwa Cibalonza," nikasema.

Mushagalusa akasimama polepole. "Munasikia? Munasikia bote?"

Hapo ndipo nilipoelewa nimefanya nini. Kwetu, mbuzi inayotangulia kabla wakubwa hawajakaa na kuamua, hiyo ni ya mtu aliyekubali kosa. Desturi ile niliijua toka utoto. Siku ile nilikuwa nafikiri kisoko, na kwa mdomo wangu mwenyewe nilikuwa nimekiri kwa niaba ya mwanamke yule kwamba alimuua mume wake.

"Batoto wataondoka na mutumbwi siku ya Noeli," Mushagalusa alisema. "Nitawachukulia palepale ku misa."

Nilirudi kumweleza Cibalonza. Akauliza:

"Mimi niliomba mutu aniuzishe?"

"Hapana, maman."

"Ulinipeleka na kamba, mimi na mbuzi pamoja."

"Usiende misa. Ao uende, unyamaze. Nitawaambia nilikosea."

"Watakuamini?"

Akaendelea: "Nikinyamaza, ni mwizi mwenye kujificha. Nikiimba, ni mwenye kufurahi. Bon. Kama yote iko mubaya, nitafanya ile Mungu alinipa."

Mwaka ule Noeli haikuwa tena sikukuu ya serikali. Maofisi yalifunguliwa, shule pia, kwa hiyo misa ilisomwa alfajiri ili watu wawahi kazi. Mimi si mtu wa kanisa sana, lakini nilikwenda. Mbuzi ile ilinisukuma. Cibalonza aliingia na kichwa kimenyolewa, kitambaa cheusi kiunoni, watoto wamevaa uniforme. Hakupanda kwenye benchi za korali. Alikaa chini, kwenye saruji, kama mjane anavyopaswa. Nyuma kabisa, mlangoni, Mushagalusa alisimama na watu wake. Mama yake alikuwa ameketi mbele yao, macho makavu. Toka mazishi hakuwa amelia. Walimwambia asilie kwanza. Ajue kwanza aliyemuua mwanawe.

Padri akafika penye Utukufu. Korali ikatazamana. Kimya kikakaa mahali pale pa kuanzia, kikawa kirefu, mtu akakohoa. Niliomba moyoni anyamaze, nasema kweli.

Akaimba. Sauti ilitoka imekwaruza, ikakatika. Akameza, akaishika tena. Alikuwa analia na anaimba, machozi yanashuka mpaka kwenye kidevu na wimbo haukusimama, ukapanda, na uso wake ukafunguka kama ule niliouona kwenye mkeka. Korali ikamfuata. Nilisikia nyuma yangu mlio wa ajabu, nikageuka. Ni mama mzee. Alikuwa amejishika tumbo, anamlilia mwanawe kwa sauti.

Misa ilipokwisha, Mushagalusa alimshika binti mkubwa mkono uwanjani. "Umeimba. Ushahidi yote iko hapa." Cibalonza alimshika mtoto mkono mwingine. Watu wakazunguka. Mimi niliyeahidi kusema nilikosea nikabaki nyuma yao.

"Nina kiu," mama mzee akasema.

Cibalonza alikuwa na termo ya uji wa watoto, maana walikuwa wanakwenda masomo moja kwa moja. Akamwachilia mtoto, akamimina kikombe. Akakiinua kwanza kwenye midomo yake. Kwetu anayetoa huonja mbele, ili anayepewa asiogope.

Eulalie alimnyang'anya kikombe kabla hakijafika. Akanywa. Akanywa yote, akakung'uta tone la mwisho ulimini.

"Maman!" Mushagalusa alipiga kelele.

"Maman nini? Ni mimi nilimuzaa, si wewe. Siku tisa munanilisha hasira tu. Leo huyu mwanamuke amenifungulia, nimelia mutoto wangu. Mwenye kuua hawezi kuniliza vile." Akarudisha kikombe. "Wacha mukono ya mutoto. Na mutumbwi wako uende, mimi ninabaki."

Mbele ya watu wote wale, baada ya kikombe kile, hakuna mkubwa wa Kalehe ambaye angeweza kukaa na kusema karuho. Mushagalusa alilijua hilo kama sisi. Aliachilia mkono.

Watoto walikimbia, kengele ya shule ilikuwa imeshapigwa. Wanawake wale wawili wakashuka polepole kuelekea Kadutu. Cibalonza alikuwa anaimba tena ile Utukufu, na mama mkwe anaitikia, sauti haifuati kabisa, na hakuna aliyejali.