Mama Hakuomba Shamba

Mtu akiniambia "nishafahamu" nami sijafika hata kwenye kisa chenyewe, moyo hunichafuka nikatamani kutapika. Wanangu hunicheka, husema mama yetu ana hasira za bure. Si za bure hata kidogo. Nilizipata Msambweni, miaka ya hamsini, kwa mzee wa mtaa wetu, na mpaka leo nikimkumbuka mtu yule naona kinyaa.

Mzee huyo aliwekwa na serikali ya Mkoloni atusikilize. Ndiyo kazi yake hasa, kuwasikiliza watu waliogombana na kuwaamulia. Naye alikuwa mtu wa tambuu. Watu wakimwambia shida zao yeye anatafuna, mashavu yamemfura, kisha anageuka kutema kwenye nguzo ya baraza. Nguzo ile ilikuwa nyekundu mpaka chini, nzi wamejaa. Na watu walikaa mbele ya uchafu ule wakasema, "Mzee wetu ana busara." Busara gani, jamani? Hakujua hata anayelia mbele yake analilia nini!

Baba alipofariki, mama alikaa eda, nami nikaja kumtazama kutoka kijiji cha Waa, nilikoolewa. Shamba tulilokaa lilikuwa la ukoo wa baba, na hilo mama hakulipinga hata siku moja. Lakini kwetu mchanga una mwenyewe na mnazi una mwenyewe. Aliyeupanda mnazi ni wake, hata kama ardhi ni ya mtu mwingine. Minazi ya nyuma ya nyumba yetu aliipanda mama kwa mkono wake, angali bibi harusi wa juzijuzi, akaichotea maji kichwani mpaka ikasimama. Mtaa mzima ulijua. Ami yangu, ndugu yake baba, alijua vilevile, na nadhani ndiyo maana alingoja kaka yake afe kwanza.

Mama alipotoka eda tu, ami akaleta mgema. Mgema akaikwea minazi ya mama na kufunga vibuyu vya kukingia tembo, pombe ya mnazi. Mama yangu, mtu wa swala tano, akawa anaamkia harufu ya tembo lililochacha mlangoni pake, na walevi wamekaa uani wakijikojolea. Akh! Na mnazi ukigemwa hauzai nazi. Ile minazi ndiyo iliyompa mama tui la chungu chake na vijisenti vya nguo, hakuwa na kingine.

Basi tukaenda barazani. Mama alijitanda buibui lake, akaanza kwa adabu, kama watu wa kwetu wanavyoanza jambo zito. Akatoa salamu, akawashukuru waliomzikia mumewe, kisha akaanzia mbali, siku aliyoletwa pale kama mke. Hatukurupuki tu na neno. Unamtengenezea njia msikilizaji wako, afike nawe pole pole. Mzee wa mtaa alikuwa ameinamia kijaluba chake akitafuta chokaa ya tambuu. Aliposikia "marehemu akanileta shambani hapa," akainua mkono.

"Nishafahamu, mama. Wataka shamba."

"La, bwana. Nilikuwa nasema..."

"Shamba ni la ukoo. Mke hapewi shamba la ukoo, hilo halina mjadala. Nenda kwa amani."

"Bwana, mimi sijaomba shamba. Mimi..."

"Mama, usinirefushie maneno!" Akatema mate yake.

Wazee walioketi kando yake wakaitika, "Hewallah, mzee wetu." Wallahi hakuna aliyefungua kinywa kumwambia kwamba mwanamke huyu hajasema bado. Wote walikuwa wamekunywa madafu ya minazi ile kabla haijagemwa, tena mama mwenyewe akiwapelekea mpaka majumbani kwao. Ami naye alikuwapo, akikwangua kucha zake, mtulivu kabisa.

Mara adhana ya adhuhuri ikapigwa. Mzee akaacha kutafuna, akainamisha kichwa, akaitikia neno kwa neno bila kuruka hata moja. Kumbe alijua kusikiliza! Nilimtazama kwa chuki. Mama alinishika mkono, tukaondoka.

Mwaka ulipotimia tulimsomea baba hitima. Mzee wa mtaa alikuja, angekosaje, palipo na sinia yeye yupo. Wanaume walikaa ukumbini, sisi wanawake tuko nyuma ya pazia. Tulipika wali kwa mafuta ya kopo, na samaki wa kukaanga bila mchuzi wa tui. Niliona haya, wali wa hitima hauendi hivyo. Hatujamaliza matonge mawili tukasikia sauti ya mzee wa mtaa.

"Ninyi huko ndani! Wali mkavu hivi, nazi hamna?"

Nilitaka kujibu mimi, mama akanifinya. Akajibu mwenyewe, kwa sauti ya kusikika. "Nazi zitoke wapi, bwana? Minazi yangu inagemwa."

"Minazi yako? Minazi gani?"

"Niliyoipanda kwa mkono wangu. Ndiyo niliyokuja kuisemea barazani."

Nilichungulia pembeni mwa pazia. Ami alikuwa ameinamia sahani, tonge limemkwama. Mzee wa mtaa alitazama huku na huku, kisha akacheka, punje za wali zikimrukia ndevuni.

"Lo! Kumbe ilikuwa minazi! Mbona hukusema, mama? Minazi ningekupa siku ileile."

Mama alisimama karibu na pazia, mkono kifuani, nami nikasema kimoyomoyo, alhamdulillahi, leo amesikia.

"Lakini ndiyo hivyo tena," akasema mzee, akipapasa sinia. "Hukumu imeshapita. Nikiigeuza watu watasema mzee wao ni kigeugeu. Hebu nileteeni ndimu."

Mama alikata ndimu, akaniambia nimpelekee. Nilimpelekea. Mama aliishi miaka mingi baada ya siku ile, akinunua nazi sokoni, na minazi yake akiiona kila alipofungua dirisha.