Asilimia Arobaini

Mtaani tulimwita Asilimia, na jina hilo alilivaa kama cheo. Alikuwa mstaafu wa bohari ya saruji, msimamizi wa vyumba sita vya kupangisha, na elimu yake yote ya takwimu aliipata redioni huku akinyolewa ndevu.

Siku moja redio ilisema kuwa kati ya watu wote waliokamatwa mwezi uliopita, asilimia arobaini walikuwa wageni wasio na vibali. Asilimia alipofika kwake, habari ilikuwa imeshageuka: asilimia arobaini ya wageni ni wezi. Hakuuliza walikamatwa kwa kosa gani, maana wengi kosa lao lilikuwa ni huko kukosa kibali tu. Wala hakuuliza kwa nini polisi husimama kila mara kwenye kona ya vibanda vya wageni, na kwenye nyumba zenye mageti hawaonekani.

Akanunua kufuli jipya, akamwendea mpangaji wake, mama fundi cherehani, mgeni asiye na kibali, aliyeshona sare za nusu ya watoto wa mtaa.

"Mwisho wa mwezi utoke. Chumba nakifunga."

"Nimekukosea nini, baba mwenye nyumba?"

"Wewe hujanikosea. Takwimu ndizo zimesema."

"Na hizo takwimu zimeibiwa nini?"

Aliondoka akilitikisa kufuli lake.

Jumamosi, Asilimia alitoka na kaptura na kandambili kwenda kununua wembe. Pale kwenye kona akadakwa.

"Kitambulisho?"

"Kipo nyumbani."

"Wote hukiacha nyumbani," askari akamwambia, akampandisha garini pamoja na wauza mitumba.

Simu ya mkewe haikupatikana. Akampigia fundi.

"Mama, niletee kitambulisho kituoni. Kipo kwenye droo."

"Mimi nije kituoni?"

"Fanya haraka, tafadhali."

"Baba, nikija huko tutakuwa wawili."

Hata hivyo fundi aliacha kazi, akamfuata mke wa Asilimia saluni. Mke alisikiliza, akashukuru, akamaliza kwanza kusukwa.

Asilimia aliachiliwa jioni, lakini alikuwa ameshahesabiwa miongoni mwa wageni, na hakuna aliyejisumbua kumtoa kwenye hesabu hiyo.

Mwisho wa mwezi redio ikatangaza asilimia arobaini na moja.

"Mzee, nadhani hiyo ya juu ni wewe," kinyozi akamwambia.

"Wanaongezeka," Asilimia akajibu bila haya. "Si niliwaambia?"

Akaenda moja kwa moja kulitafuta kufuli. Mkewe alikuwa amelishika.

"Nyumba hii niliachiwa na baba yangu," mkewe akasema. "Fundi haendi popote."

Kufuli akalitia kwenye kabati la sukari. Mwizi wa sukari hiyo mkewe alimjua tangu siku ya harusi yao, na vibali vyake vyote vilikuwa halali.