Matofali 10,007 yanayomtoa jasho fundi wa Matombo

Saa moja asubuhi, ukungu wa Uluguru haujainuka vizuri, Thobias amepiga magoti mbele ya kanisa la kijijini kwao Matombo. Usidhani anasali. Anapanga matofali.

"Marahaba," anaitikia salamu bila kuinua kichwa. "Usikanyage hapo, utaniharibia mstari."

Fundi huyu ana kiburi kimoja: hakati tofali, wala haachi jino lichomoze mwisho wa mstari. Kanisa liliagiza matofali 10,000 ya kusakafia uwanja. Mistari mia, matofali mia kila mstari. Kazi ya kufanya huku unapiga mluzi.

Balaa likaja na nyongeza. Kijijini huku, mtu akinunua nyanya bila kuongezewa, anaona ameonewa. Basi jumuiya saba za kijiji zikaleta kila moja tofali lake la nyongeza, padre akayabariki, na kila jumuiya inataka kuliona lake limelala uwanjani.

"Nikipanga mistari themanini, yanabaki saba. Tisini, yanabaki kumi na saba. Nikajua nimerogwa!"

Na muda hana. Uwanja usipokamilika kabla ya sherehe ya Jumapili, kazi ya sakafu ya ndani atapewa Kibwana wa Ngerengere, anayekata matofali kama mkate.

Aliyemfumbua macho ni Juliana, mwalimu wa hesabu wa sekondari, aliyekuja kucheka akabaki kusaidia.

"Nilimwambia 10,007 ni namba tasa," anasema. "Haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Labda apange mstari mmoja, aanzie hapa aishie bondeni."

Thobias akafikiria kulitumbukiza moja mtoni, Mungu amsamehe. Mwalimu akamkataza: 10,006 yangekubali mistari miwili tu.

"Huo si uwanja, ni reli," anasema Juliana. "Nikamwambia aongeze moja. 10,008 inakaa vizuri, mistari 72 ya matofali 139."

Moja! Lakini tanuri lilishapoa, na kuchoma jipya ni mpaka wiki ijayo. Ndipo Thobias akakumbuka tofali la tanuri lilelile, lililo jikoni kwake likiwa figa la tatu.

"Aliipua maharage yangu, akabeba figa, akakimbia," anasema mkewe, Prisca, aliyesimama pembeni na mwiko mkononi. "Anagawa matofali elfu kumi. Mafiga matatu ukitoa moja, hajui yanabaki mangapi."

Padre amelibariki pamoja na masizi yake. Thobias analiweka kwenye kona ya mwisho, analigonga kwa nyundo ya mbao. Linaingia. Hakuna jino. Fundi anacheka mpaka anafuta machozi, na kwa kweli hata mwandishi alifurahi.

"Nikipata ile sakafu ya ndani," anasema, "namjengea Prisca jiko la kisasa."

"Aanze na figa langu," anajibu Prisca. "Maharage yataiva akilirudisha."

Thobias analitazama tofali jeusi, lililokwisha barikiwa na kukazwa. Kisha anamwuliza mwandishi, kwa sauti ya chini, kama pale stendi chapati bado zipo.