Fundi Fanueli na Waya Uliozikwa Mabawa

Saa moja na nusu asubuhi, katika uwanja wa nyuma wa Bwana Zubeiri, mtaa wa Mabawa, Tanga, Fanueli Shemweta amepiga magoti nyuma ya nyumba yenye magurudumu, anagongomea ardhini ufito wa shaba wa kumeza umeme unaovuja. Anagonga mara tatu, anasimama, anapapasa mfuko wa suruali. Anagonga tena mara tatu, anapapasa tena.

Kilichomo mfukoni ni fyuzi. Aliichomoa jana kwa mkono wake kwenye ubao wa umeme ulioko barazani, akalala nayo chini ya mto.

"Ikiwa kwangu, umeme hauwezi kuwa kwenye waya," anasema. "Katika kazi hii sina kitu kingine ninachokiamini."

Mafundi wenzake wa mjini wanamwita Fanueli Mwoga, naye anaitika bila kinyongo. Ana miaka thelathini na minne, mzaliwa wa milima ya Usambara, Mlutheri wa kubatizwa, na kwa mwezi mzuri anapata shilingi mia moja na ishirini kwa kushika kitu anachokiogopa kuliko simba. Simba, anasema, angalau ananguruma kwanza.

Woga huo una tarehe. Mwaka 1951 alikuwa kibarua wa umeme katika kiwanda kimoja cha mkonge, pamoja na rafiki yake Kristofa. Siku hiyo Kristofa alikuwa juu ya ngazi akiunga waya, na Fanueli ameishika ngazi chini. Mtu mmoja mwenye moyo mwema alipita mlangoni, akaona swichi imezimwa, akadhani imesahauliwa, akaiwasha.

"Kristofa hakupiga hata kelele," Fanueli anasimulia. "Alikuwa ananieleza habari za mchumba wake. Alikomea katikati ya neno. Mpaka leo sijui alitaka kusema nini."

Tangu hapo hagusi waya kabla fyuzi haijaingia mfukoni mwake.

Kazi ya Mabawa ilianza Jumatano. Bwana Zubeiri, mfanyabiashara wa mbata, yaani nazi kavu, alinunua nyumba hiyo ya kukokotwa kwa gari kutoka kwa mpima ardhi mmoja aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Ina kitanda, kabati, jiko na kioo. Kilichokosekana ni injini tu. Alikusudia kuivuta hadi Ushongo akapunge upepo wa bahari. Lakini mama mkwe wake, Bi Mastura wa Pangani, alipeleka salamu kwamba anakuja kukaa miezi mitatu, na Bwana Zubeiri akaona kwamba heshima ya mama mkwe inataka awe na nyumba yake mwenyewe, mbali kidogo na ya mkwewe.

Heshima hiyo ilihitaji taa na pangaboi. Fanueli alikataa kupitisha waya juu. Anazifahamu nyua za Tanga: waya ukipita juu leo, kesho umeanikiwa kanga. Basi akachimba mtaro wa hatua ishirini na saba, kutoka barazani hadi kwenye nyumba ya magurudumu. Akatandika mchanga, akalaza waya mnene wenye utepe wa chuma, akapanga matofali juu yake, akafukia.

Hatua tatu za mwisho zilimshinda. Chini ni tumbawe, jiwe ambalo sururu inalikwaruza tu. Mtaro ukaishia kina cha futi moja, na matofali nayo yakaisha. Ijumaa jioni akauunga waya, akaufukia hapo kwa udongo mtupu mpaka Bwana Zubeiri alete matofali mengine. Ili watu wasikanyage, akainua tuta la urefu wa futi saba kuufuata waya na kulizungushia mawe meupe.

Kila mtu wa Mabawa aliyechungulia juu ya ukuta aliona kaburi.

Jumamosi hii, ufito ukishakaa imara, Fanueli anachukua bisibisi na kuzunguka hadi upande wa mlango ili afungue kisanduku cha waya. Anamkuta Bi Mwamvua, jirani wa ukuta na ukuta, mama wa miaka sabini, amesimama peku kwenye tuta. Ameshika mtaimbo kwa mikono miwili. Kwenye ncha moja ya tuta tayari kuna mche wa mrihani, ule unaonukia wa makaburini, umepandwa na kumwagiwa maji.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Poleni na msiba."

"Msiba gani?"

"Huyu." Anaonyesha tuta kwa kidevu. "Mmemzika lini? Wala khitma hatukusikia! Miye jirani yenu, naja kuona kaburi tu. Nikasema, hata kama ni mgeni hana kwao, asilale bila mrihani. Miguuni nishapanda. Bado kichwani."

Anauinua mtaimbo.

Fanueli anataka kucheka. Fyuzi iko mfukoni, anaigusa. Ubaya pekee anaouona ni waya wa watu kutobolewa. Anafungua kinywa amweleze, na macho yake yanapita dirishani mwa nyumba ya magurudumu.

Pangaboi linazunguka.

"Bibi," anasema kwa sauti ndogo. "Usiuteremshe huo mtaimbo."

"Kwani marehemu hana haki ya mrihani?"

"Anayo, bibi. Utupe kando. Utupe mbali!"

"Nitupe mtaimbo wa msikiti? Weye fundi una wazimu?"

"Basi ushike hapo hapo juu!"

"Mzito, mwanangu."

Mikono ya bibi imeanza kutetemeka. Ncha ya chuma inacheza juu ya udongo, na udongo umelowa, na miguu ya bibi iko ndani ya maji hayo. Fanueli hawezi kumsogelea. Mtaimbo ukimponyoka wakati amemshika, watakwenda wawili. Anageuka na kukimbia.

Hatua ishirini na saba alizipima mwenyewe. Anasema hajui zilikuwa ngapi asubuhi hiyo. Nyuma yake anamsikia bibi akiita, "Nachoka! Jamani, nachoka!" Anafika barazani, anachomoa fyuzi zote za nyumba, moja moja, mpaka ubao unabaki na matundu matupu.

"Teremsha sasa, bibi!"

Mtaimbo unaanguka. Kutoka kwenye nyumba ya magurudumu inasikika sauti ya Bi Mastura: "Nani kazima upepo wangu?"

Bwana Zubeiri anatokea na mswaki mdomoni. "Mimi ndiye niliyewasha, fundi. Mama kafika na basi la kwanza, joto limemshinda. Nikatia fyuzi ya redio palipokuwa wazi."

"Fyuzi niliichukua! Ninayo mfukoni!"

"Ndiyo maana nikatia ya redio."

Fanueli anarudi kwenye tuta, anang'oa mche wa mrihani na kufukua kwa vidole. Futi moja chini anaukuta waya. Kwenye utepe wa chuma kuna mkwaruzo mpya unaong'aa, mrefu kama ukucha. Umeme ulikuwa umeshawashwa wakati bibi anapanda mche wa kwanza. Fanueli alikuwa upande wa pili, anagonga ufito kwa amani na kupapasa mfuko wake.

Anakaa chini kwenye udongo. Bwana Zubeiri anautazama mkwaruzo na kuutoa mswaki mdomoni.

Bi Mwamvua ndiye anayeuliza. "Kwa hiyo hakuzikwa mtu?"

"Bado, bibi."

Kabla ya adhuhuri waya umebadilishwa kipande, matofali yameletwa kwa mkokoteni, na mtaro umeachwa wazi kwa amri ya Fanueli. Amewaita watu wote wa nyumba na majirani wa pande tatu. Wanapita mmoja mmoja, wanainama, wanautazama waya, naye anamwambia kila mmoja maneno yale yale: "Huyu yuko hai." Bi Mwamvua amepita mara mbili. Bi Mastura amekataa kulala kwenye nyumba ya magurudumu hata kwa kulipwa, na amehamia chumba kilicho ukuta mmoja na cha mkwewe.

Jumatatu Fanueli anakwenda Maramba kulaza waya wa mashine ya kusaga. Mkewe, Beatrisi, anamtaka aache, warudi milimani wakalime migomba. Amemjibu kwamba Maramba atakwenda, ila amenunua kisanduku cha bati chenye kufuli cha kufungia ubao, na hatafukia mtaro wowote kabla kila mwenye jembe hajauona.

Jioni anamimina chai kwenye kisahani ipoe.

"Miaka sita nilimwomba Mungu aniondolee woga," anasema. "Nimeacha. Sasa namwomba aniachie huu nilio nao, na kama upo uliobaki, ampe Bwana Zubeiri."