Halua ya Golkipa

Shangazi yangu hakai. Hata akikaa, mguu mmoja huwa watingishika chini ya buibui kama watafuta mlango. Babangu, ambaye ni kakake, asema alianza hivyo tumboni na nyanya hakupata usingizi miezi yote ile. Mimi nasema ni kazi yake iliyozidisha.

Yeye ni kocha msaidizi wa timu ya mpira ya wasichana wa chuo kimoja upande wa Buxton. Chuo kilimchukua kwa sababu wazazi walitaka pawe na mwanamke. Filimbi haikuwa yake. Yake ilikuwa ndoo ya maji, gundi ya kuziba mipira, na kubisha hodi kwenye nyumba za watu kuwaombea wasichana ruhusa. Filimbi ilikuwa shingoni mwa kocha mwenyewe, bwana mmoja mpole, kapera, mwenyeji wa Kwale, aliyepanga chumba Mbaraki. Shangazi aliitazama filimbi ile vile paka hutazama samaki wa jirani.

Mwaka jana timu ilitakiwa kwenda Malindi kucheza Jumamosi na kurudi siku iyo hiyo. Wasichana wote walipata ruhusa isipokuwa golkipa. Golkipa wa akiba alikuwapo, lakini yule akiona mpira waja, hufumba macho. Shangazi hakula siku mbili. Alizunguka ua wetu mpaka kuku wakakimbilia jikoni.

"Babake kakataa," aliniambia. "Nilikwenda mikono mitupu, nikasema moja kwa moja. Nilikosea. Nyumba kama ile yataka adabu."

Adabu yenyewe ikawa hivi: kilo ya halua, kocha ndani ya kanzu iliyopigwa pasi na kofia mpya, na ziara baada ya sala ya alasiri. Mimi niliwafuata kwa ajili ya halua. Nasoma kidato cha tatu, na sijawahi kusema uongo mbele ya halua.

Nyumba ile i Mji wa Kale, nyuma ya msikiti. Kocha alikaribishwa barazani na baba mtu. Sisi tukaingia ndani kwa nyanya wa golkipa, bibi mwenye macho makali na mkufu mzito. Shangazi alimbusu mkono. Wakaulizana habari za nyumbani, za wagonjwa, za waliosafiri, za waliokufa, wakarudi tena za nyumbani. Kahawa ikaja. Mguu wa shangazi ukatingisha meza, vikombe vikalia.

"Twashukuru kwa kuja," akasema nyanya akiitazama halua. "Tumewafahamu."

Shangazi akafungua mdomo. Nyanya akainua kiganja.

"La, mwanangu, usijisumbue. Mambo haya hayasemwi kwa haraka. Tutawaletea jibu."

Kule barazani nako kocha alikuwa ameulizwa habari za wazee wake, kazi yake, na kwao Kwale ni wapi hasa. Alijibu vizuri mno. Akaambiwa asiwe na haraka. Tukaondoka. Njia nzima hakuna aliyegundua kwamba neno mpira halikutoka kinywani mwa mtu hata mmoja.

"Wamelainika," akasema shangazi.

Kesho yake golkipa hakuja mazoezini, wala kesho kutwa. Shangazi akaenda Biashara Street kununua leso za kufunga wasichana viunoni wagawanyike timu mbili, nami nikaenda kwa kuwa nyumbani kulikuwa na vyombo vya kuosha. Mama mmoja jirani ya golkipa akatukumbatia pale dukani.

"Hongereni! Mwari tayari kafungiwa ndani. Na bwana mwenyewe ana haya, kanzu yampendeza!"

Shangazi akaziacha leso juu ya meza. Kilo ya halua, mwanamume kapera ndani ya kanzu, mwanamke wa kumsemea huko ndani: tumekwenda kuposa! Nilicheka hadi mwenye duka akaniletea maji. Shangazi alikuwa ameshafika njiani.

Nilimkuta mlangoni kwa nyanya, amesimama, hata hodi hakungoja ijibiwe.

"Bibi, tulikuja kwa mpira! Twamtaka adake mpira Malindi, Jumamosi!"

Kutoka ghorofani golkipa akapiga kelele, "Alhamdulillahi!" kwa sauti ambayo kocha angeisikia Mbaraki.

"Mtoto kalia siku mbili, asema hamtaki," akasema nyanya. "Mbona hukusema?"

"Ulinikataza, bibi."

"Na wewe ukakatazika?" Akamwita mwanawe. Baba mtu akasikiliza, akakuna ndevu. Alisema mtaa mzima umeshajua kuna posa. Mtu aliyemposa binti yake, hata kwa kukosea, hawezi kupanda naye basi moja mpaka Malindi na kurudi. Watu wataonaje?

"Binti aende," akasema hatimaye. "Yule bwana abaki."

"Atabaki!" akasema shangazi. Kocha hakuulizwa.

"Na halua hairudi," akaongeza nyanya. "Tumeshaila."

Kocha alipoelezwa alikaa juu ya mpira. "Yaani mimi nimeposa sina habari, na nimekataliwa sina habari?"

"Pole, mwalimu," nikamwambia. "Lakini wamesema kanzu ilikupendeza."

Akaivua filimbi polepole. "Jumatatu waniregeshea," akamwambia shangazi. Shangazi alikuwa ameshaivaa.

Malindi tuliwekewa viti viwili vya plastiki kando ya uwanja, cha kocha na cha msaidizi. Mimi nilikalia cha msaidizi. Shangazi alitembea, akarudi, akauma kucha, akatembea tena.

"Si ukae, shangazi?"

"Wewe umenikalia kiti."

"Na kile?"

"Kile cha kocha."

"Kwani leo kocha ni nani?"

Alinitazama kama nimemtukana. Kisha akakiendea kile kiti, akakifuta vumbi kwa ncha ya buibui, akakaa. Wapinzani wakapiga kona. Golkipa akaruka juu ya vichwa vyote, akaudaka. Kabla hajatua chini, shangazi alikuwa ameshafika kwenye mstari, mikono hewani, apiga makelele, na kiti cha kocha kimelala chali nyuma yake.