Kuku Kifuani mwa Mgeni Rasmi

Soko huria lilipoingia Arusha, kila mwenye dishi juu ya paa alijiona ana kituo cha televisheni. Mmoja wao alikuwa na vyumba viwili juu ya duka la vipuri, mkabala na uwanja wa mpira, na waya zake zilitambaa kwenye nguzo mpaka kwenye sebule za watu. Alitaka tumwite Mkurugenzi. Kituo kizima tulikuwa watatu, yeye akiwemo.

Mimi niliingia pale kwa kuuliza maswali. Shule niliiacha darasa la sita, na tangu hapo nilikuwa nimepaka rangi magari ya watalii, nimeuza vitunguu, nimechaji betri za watu wasio na umeme. Kila mahali nilikaa mpaka nilipoelewa kitu kinavyofanya kazi, kisha nikaondoka. Mama yangu, aliyekuwa akilima Kikwe, alikuwa amechoka kuulizwa kanisani mwanawe yuko ofisi gani. Alitaka kitu kimoja tu kutoka kwangu: barua ya ajira. Mshahara hakuuliza. Barua, apate kuishika.

Siku hizo tulikuwa tunaonyesha mpira wa Ulaya, na pembeni mwa goli palikuwa na tangazo limelala juu ya nyasi. Watu walisema ni rangi ya huko, imara kuliko yetu. Mimi niliangalia miguu. Mchezaji alilikanyaga tangazo na halikuchafuka. Alianguka juu yake na jezi ikabaki safi. Nilihangaika wiki mbili, nikapekua magazeti ya zamani kwa wauza mitumba, nikamsumbua fundi mmoja wa redio wa Moshono, mpaka nikajua: pale kwenye nyasi hapana kitu. Kuna mashine inayoijua mistari ya uwanja. Kamera ikigeuka, mashine inaihamisha picha ya tangazo ibaki palepale, na inaipaka mahali penye rangi ya nyasi tu, ndiyo maana mguu unapita juu yake.

Nilimweleza Mkurugenzi. Akavuta kiti karibu.

"Sasa sisi tunashindwa nini?"

Kwa kweli nusu ya kazi tuliiweza. Tulikuwa na kompyuta ya video za harusi. Unamsimamisha bibi harusi mbele ya shuka la bluu, unaiambia kompyuta iondoe bluu na kuweka maporomoko ya maji. Nusu ya pili, kuifuata kamera inapogeuka, ndiyo hatukuwa na mashine yake. Mkurugenzi aliutazama mkono wangu wa kulia uliokuwa juu ya kipanya, akasema mashine ameshaipata.

Mdhamini alipatikana wiki ileile: mama mmoja wa Njiro, aliyeacha meza yake serikalini akaanza kutengeneza chakula cha kuku. Tangazo lake lilikuwa kuku mwekundu mkubwa, amekalia mayai, na maneno WANATAGA KILA SIKU. Fainali ya kombe la kata ilikuwa Jumamosi.

"Kuku akikaa uwanjani dakika tisini," Mkurugenzi aliniambia, "Jumatatu unapata barua ya ajira. Yenye muhuri."

Ilikuwa kiangazi. Uwanja haukuwa na nyasi za kutosha hata mbuzi mmoja. Ulikuwa vumbi la rangi ya kaki kutoka goli hadi goli. Basi badala ya kijani nikaiambia kompyuta itafute kaki. Asubuhi tulifanya majaribio. Mbwa alipita mbele ya goli, na miguu yake ikapita juu ya upanga mwekundu wa kichwani mwa kuku kama ya Ulaya kabisa. Mkurugenzi alinipa mkono.

Tulichosahau ni mpiga picha wetu, yule wa tatu. Yule bwana alikuwa amepiga harusi, kipaimara na misiba ya mkoa mzima, na katika kazi hizo kuna sheria moja: mgeni rasmi aonekane. Aonekane akifika, akiketi, akinywa soda, akijifuta jasho. Asipoonekana, huitwi tena. Mpira ulikuwa kwake shughuli kama shughuli nyingine. Na mgeni rasmi, kiongozi mzito wa serikali na mwenye tumbo la kutosha, alikuja na suti ya kaki iliyopigwa pasi ikanyooka.

Dakika ya nne mpira ulikuwa unaelekea golini. Mpiga picha akauacha, akamvuta mgeni rasmi karibu mpaka akajaa kwenye kioo. Kuku akatua tumboni mwake. Nikaruka kama niliyeungua, nikamzima kuku.

Simu ikalia papo hapo. Ilikuwa ni yule mama wa Njiro, na sauti yake ilitoka nje ya simu.

"Baba, kuku wangu yuko wapi?"

"Yupo, mama, amepumzika kidogo."

"Amepumzika? Nimealika majirani hapa! Mrudishe!"

Mkurugenzi akafunika simu kwa kiganja. "Usimzime tena. Hata iweje."

"Bosi, amekaa juu ya Mheshimiwa."

"Unaitaka barua, huitaki?"

Nilimrudisha kuku.

Lazima niseme ukweli wa kiufundi. Uwanjani mkono wangu ulihangaika. Kamera ikienda kushoto, kuku alichelewa, akavuka mstari, akaelea kwenye kona. Lakini mgeni rasmi hakukimbia. Alikaa kwenye kiti chake, na kuku akamganda vizuri kuliko matangazo yote niliyowahi kuona ya Ulaya. Akivuta pumzi, kuku alipanda naye. Mkono wake uliokuwa na soda ulipita mbele ya mayai, na hakuna yai lililotikisika. Nilijisikia fahari ambayo sikuwa na haki nayo.

Chini yetu, mwenye duka la vipuri alikuwa na televisheni. Nilisikia watu wakikusanyika.

"Oyaa, njooni! Mheshimiwa anatamia!"

"Mayai mangapi?"

"Tumbo halijaisha kuonekana, subiri."

Goli pekee la siku ile hakuna aliyeliona kwenye televisheni, maana mgeni rasmi alikuwa anapewa kitambaa. Mwishoni alisimama kukabidhi kombe. Kuku akasimama naye. Akahutubia robo saa juu ya soko huria, kwamba zama za kusubiri serikali zimekwisha na kila mwananchi azalishe kwa bidii, huku chini ya safu ya kalamu zake kifuani yakisomeka maneno WANATAGA KILA SIKU. Mama wa Njiro alipiga tena simu, safari hii akishukuru.

Jumatatu alikuja mtu kutoka ofisi ya mgeni rasmi, na faili kwapani. Hakukaa.

"Nani alihusika?"

"Huyu hapa," Mkurugenzi akasema haraka.

"Afukuzwe. Mheshimiwa anataka nakala ya barua ya kufukuzwa iingie kwenye faili."

"Ameshafukuzwa, mkuu. Nimemfukuza tangu Jumamosi."

"Barua yake ya ajira iko wapi?"

Mkurugenzi akakohoa. "Huyu alikuwa anasaidiasaidia tu."

"Bwana, mimi siwezi kurudi kwa Mheshimiwa na mtu aliyekuwa anasaidiasaidia. Atasema mmemficha mhusika mwenyewe. Nataka ajira, halafu nataka kufukuzwa. Vyote viwili."

Ndivyo nilivyoajiriwa. Mkurugenzi alichapa barua kwa vidole viwili, akaandika tarehe ya miezi mitatu nyuma, akaniuliza napendelea cheo gani. Nikasema Mtaalamu wa Picha. Akagonga muhuri. Kisha akaingiza karatasi nyingine, akanifukuza, akagonga muhuri tena. Yule mtu wa faili alichukua nakala, akatuaga kwa adabu. Nakala zangu nilipewa mimi.

Jioni nilikuwa Kikwe. Nilimpa mama barua moja. Alipitisha kidole kwenye muhuri, akaenda kuiweka ndani ya Biblia, na Jumapili akanisimamisha mbele ya usharika kwa sadaka ya shukrani. Mchungaji aliisoma yote kwa sauti, pamoja na cheo, akainua mkono juu ya kichwa changu na kuomba nidumu katika kazi hiyo miaka mingi. Barua ya pili ilikuwa mfukoni mwa suruali. Nilifumba macho, nikaitikia amina pamoja na wengine, kisha nikageuka kumtafuta mama. Alikuwa amesimama peke yake penye benchi lake, wengine wote wameshaketi.