Sauti ya Mama Ngalula

Kuna siku moja naikumbuka, mwanangu, na masikio bado yananiwaka nikiisimulia.

Ilikuwa enzi za Zaïre, tulipoitana citoyen, yaani mwananchi, na kuvaa suti za abacost zilizotukaba shingo. Nilipiga gitaa katika studio moja pale katikati ya Lubumbashi. Sisi tulikuwa wapigaji wa nyuma: mwimbaji anaandikwa jina kwenye sahani ya santuri, sisi tunabaki na jasho letu. Basi wakaja watu wa filamu, wakitaka safari hii tuonyeshwe sisi. Wakaniambia nichague watano.

Damu nzito kuliko maji. Nikachagua vijana wa kiume tu, wote wa kambi yetu ya wachimba shaba, watanashati wote. Mama Ngalula, aliyeimba sauti ya pili katika kila wimbo tuliorekodi, nikamwacha. Alikuwa mwanamke, tena wazazi wake walitoka mkoa wa Kasai, si wa kwetu, nami kwa ujinga wa ujana nikataka sura za kwetu tu. Nilijua vizuri kwamba mama mkwe wake alimsema mtaa mzima, eti studio ni kisingizio cha kufuata wanaume. Filamu ile ingemsafisha. Nilijua, na bado nikamwacha.

Siku ya kupiga picha, wimbo ulichezwa kwenye mashine, sisi tukajifanya tunapiga. Binamu yangu Ilunga, ambaye hata kanisani haimbi, nikamweka afumbue mdomo pale penye sauti ya Mama Ngalula. Baba Kapapa, mzee wetu fundi wa sauti, akazima mashine katikati ya wimbo.

"Endelea, citoyen," akamwambia Ilunga. "Imba."

Ilunga akatoa mlio kama mbuzi aliyesahauliwa mvuani. Watu wa filamu wakacheka. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Baba Kapapa akanigeukia. "Sauti ya mama munaipenda, sura yake munaikatala? Enda umuite. Weye mwenyewe."

Nikamkuta Annexe, pembezoni mwa mji, shambani kwake, akipalilia mihogo. Nikamweleza yote bila kupamba.

"Uliniacha juu niko mwanamuke, ao juu niko wa Kasai?"

"Yote mbili, mama. Pardon, unisamehe."

Akaendelea kulima mpaka mwisho wa tuta, na sijawahi kuona tuta refu vile. Kisha akaweka jembe chini, akanawa mikono.

"Twende. Lakini Ilunga asisimame pembeni yangu, nitacheka."

Aliimba siku ile mpaka Baba Kapapa akafuta macho. Filamu ilipoonyeshwa, mama mkwe wake alikuja akakaa mbele kabisa. Wimbo ulipokwisha akawageukia majirani: "Ule ni muke ya mutoto wangu!"

Mwanangu, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Ukipewa kazi ya kuchagua watakaoonekana, usianze na ndugu wala kabila. Uliza kwanza nani aliifanya kazi. Na ukikosea usitume mtu, nenda kwa miguu yako ukaseme. Namshukuru Baba Kapapa kwa kuniaibisha mapema. Namshukuru zaidi Mama Ngalula, maana angeweza kukataa, nami ningebaki mwizi wa sauti yake hadi leo.

Mungu akupe wazee wa kukukemea na watu wa kukusamehe, na kazi ya mikono yako isiitwe kwa jina la mwingine.